Lenzi ya Babu Yafufuka Kisiwani Mafia

Sanduku la marehemu babu lilipofunguliwa hapa Kilindoni, ndani ya mfuko wa ngozi ilitoka lenzi ya kamera: Helios ya milimita 58, kazi ya Umoja wa Kisovieti. Kamera yenyewe, Zenit, ilikuwa imeliwa na chumvi. Vijana wakataka kuvitupa vyote. Ngojeni kwanza, jamani!

Lenzi ya namna hii hufungwa kwa hesi ya upana wa milimita 42. Katika kamera ya zamani ilikaa milimita 45 na nusu hivi mbele ya filamu, kwa kuwa kati yake kulikuwa na kioo cha kurudisha sura. Kamera nyingi za siku hizi hazina kioo hicho. Baadhi huacha nafasi ya milimita 18 tu. Basi hutiwa pete ya chuma kujaza milimita 27 na nusu hivi zinazopungua. Kuleta sura wazi na kupunguza mwanga ni kazi ya mkono wako.

Adui ni kuvu. Mfuko wa ngozi tuudhanio ulinzi hushika unyevu wa pwani na kuilea. Mulika kwa tochi: ukiona kama utando wa buibui, imekwisha ingia, na ikiachwa huila lenzi yenyewe. Jua huizuia isikue, ila alama hazifutiki. Tena angalia! Yetu tuliyoianika ilikusanya jua hata mkeka ukaanza kufuka moshi.

Tukampiga picha bibi mlangoni. Pembeni pana ukungu kidogo, uso safi kabisa. Bibi aliitazama sana, kisha akauliza mbona babu hakumpiga hata moja.