Maua ya Kengele Kitale na Bungoma (2): Kwa Nini Majani Hustawi na Ua Halitokei

Wiki iliyopita tulisia mbegu za Campanula medium, ua la kengele la kusini mwa Ulaya. Ni mbegu ndogo mno. Hutawanywa juu ya udongo uliochekechwa bila kufukiwa, kwa kuwa huhitaji mwanga ili ziote, na miche huchomoza baada ya wiki mbili au tatu. Kitalu kiwe na unyevu, kisiwe na tope, la sivyo kinyausi kitaimaliza miche.

Leo tunajibu swali linalowavunja moyo wengi. Miche imehamishwa, imepata samadi iliyooza vizuri, na mwaka umekwisha. Kilichopo ni majani yaliyojipanga duara ardhini. Mbegu si mbovu. Huu ni mmea wa miaka miwili. Mwaka wa kwanza hujenga mizizi na majani, kisha husubiri mambo mawili: wiki kadhaa za baridi kali, halafu siku ndefu. Italia na kusini mwa Ufaransa huyapata yote mawili, maana mchana wa Juni huko hufikia takriban saa 15. Hapo shina hupanda sentimita 60 hadi 90, hutoa kengele za buluu, waridi au nyeupe, hukomaza mbegu, na mmea hufa.

Sisi tumepakana na ikweta. Mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima. Kitale, kwenye mita 1,900 hivi, usiku una baridi, ila si kali vya kutosha. Mji wa Bungoma, kwenye mita 1,400 hivi, una joto zaidi. Mkulima wa kabichi anaijua hali hii: kabichi nayo ni ya miaka miwili, hufunga vizuri shambani lakini ni nadra kuchanua, na kila msimu inambidi arudi dukani kununua mbegu.

Basi tafuta aina zilizozalishwa zichanue bila kungoja baridi. Ziache zinenepe kwanza, ndipo uzirefushie mchana kwa taa jioni, kama wafanyavyo wakulima wa baadhi ya maua ya kuuza ng'ambo. Anayelima juu, upande wa Kapsokwony, ana nafasi nzuri kuliko wa mjini Bungoma.

Hata hivyo, ukoo huu uko mlimani kwetu tangu zamani. Katika misitu ya Elgon, Canarina eminii hutambaa mitini ikining'iniza kengele za rangi ya chungwa. Juu zaidi, Lobelia telekii huishi miaka mingi bila ua, huchanua mara moja, kisha hufa. Mimea hii imezoea mchana wa ikweta. Naamini bustani zetu zingeanza na Canarina, kwa mbegu zilizokusanywa kwa kibali, kamwe si kwa kung'oa miche msituni.

Wiki ijayo: udongo, kivuli na mti wa kuegemea unaoifaa Canarina.