Usafi wa Choo na wa Mikono

Watu hupenda kuupima uchafu kwa macho na kwa pua. Kitu chenye harufu mbaya hukiita kichafu, na kisicho na harufu hukiita safi. Kipimo hicho hudanganya, maana uchafu uletao maradhi mengi nyumbani ni mdogo mno, wala hauonekani kwa jicho tupu. Uchafu huo hutoka katika kinyesi cha mtu, nao hupita njia nne: maji, udongo, nzi na mikono. Yafaa kila mwanafunzi azijue njia hizo, apate kuzifunga, tena awafundishe wadogo zake.

Njia ya kwanza ni maji. Mtu akienda haja vichakani au kando ya mto, mvua huchukua kinyesi mpaka mtoni na kisimani. Wanywao maji yale bila kuyachemsha huweza kushikwa na kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu. Kipindupindu kikali huweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache, kwa kuwa mwili hupoteza maji mengi. Ndiyo sababu choo cha shimo huchimbwa mbali na kisima, angalau mita 30, tena upande wa chini wa mteremko.

Njia ya pili ni udongo. Mayai ya minyoo ya safura huanguliwa katika udongo wenye kivuli na unyevu kwa siku moja au mbili. Baada ya siku chache nyingine vinyoo huwa tayari kuingia mwilini. Mtu apitapo hapo kwa miguu mitupu, hupenya ngozi, huchukuliwa na damu hata mapafuni, hupanda kooni, kisha humezwa na kufika katika utumbo. Huko hujishikiza na kunyonya damu. Mtoto mwenye minyoo mingi hupungukiwa na damu, huchoka upesi, na masomo humshinda. Wenzake humwita mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Zamani wataalamu walidhani kwamba minyoo hiyo huingia kwa kinywa tu. Arthur Looss, Mjerumani aliyefanya kazi Cairo katika nchi ya Misri, alimwagikiwa mkononi na maji yenye vinyoo hivyo. Ngozi ikawa nyekundu, ikamwasha. Hakulipuuza jambo lile. Akalifuatilia, na baada ya majuma kadhaa akaona mayai ya minyoo katika kinyesi chake mwenyewe. Mwaka 1898 akatangaza kwamba vinyoo hupenya ngozi. Wengine hawakumsadiki kwanza, lakini baadaye ikathibitika kuwa alisema kweli.

Njia ya tatu ni nzi. Nzi hutua juu ya kinyesi, na vinyweleo vya miguu yake hushika uchafu. Kisha huruka jikoni na kutua juu ya chakula. Kwa kuwa hana meno, hutema mate juu yake ili kukilainisha. Basi shimo la choo lifunikwe kila mara, na chakula pia kifunikwe.

Njia ya nne ni mikono, nayo husahauliwa kuliko zote. Katika nyumba ambamo watu hula kwa mkono kutoka sahani moja, mkono mmoja mchafu huchafua chakula cha wote. Kunawa kwa maji matupu hakutoshi. Mikono isuguliwe kwa sabuni, viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda wa sekunde 20, kisha isuuzwe kwa maji yanayotiririka. Penye upungufu wa sabuni, majivu husaidia. Saa za kunawa ni hizi: baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, na kabla ya kula au kumlisha mtoto.

Maji machache si udhuru. Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu dogo lililotobolewa tundu moja, likatungikwa kwenye kijiti kati ya nguzo mbili. Kamba hufungwa mdomoni mwa dumu na kushuka mpaka kwenye kijiti kingine kilicho chini. Mtu akikanyaga kijiti hicho, dumu huinama na maji huchirizika, wala mkono mchafu hauligusi dumu. Mahali pake ni karibu na mlango wa choo, na sabuni hutungikwa kando yake.

Watu wengi husema kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina dhara. Sivyo. Watoto wadogo huugua kuhara mara nyingi, na kinyesi chao huwa na vijidudu vya maradhi kama cha mtu mzima, pengine kushinda. Haifai kukitupa nyuma ya migomba wala jalalani. Kitupwe chooni, na aliyekitupa anawe.

Mwaka 1973 katika Tanzania ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza mafundisho ya redio, wakachimba vyoo vingi vijijini. Lakini choo hakimfai mtoto asiyefundishwa kukitumia. Mtoto wa miaka mitatu huogopa giza, tena huogopa kutumbukia, wala hofu yake si upumbavu. Kaka au dada amsindikize, mlango uachwe wazi kidogo, na juu ya shimo uwekwe ubao wenye tundu dogo. Afundishwe kujitawaza kwa maji kwa mkono wa kushoto. Na mtoto wa kike ajisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Akijichafua asipigwe wala asichekwe, maana mtoto mwenye hofu hujificha vichakani, na kazi yote huharibika.

Udongo uwahi ungali maji. Mtoto mdogo hufuata aonayo kuliko aambiwayo. Kama kaka yake hutoka chooni na kwenda moja kwa moja kwenye sahani, maneno mengi ya mama hayatamfaa. Kama kaka yake hufunika shimo na kunawa kila siku, naye atafanya vivyo hivyo bila kusukumwa.