Unafuga gapi? Tunza maji, tunza na mikono yako

Iwapo umewahi kungojea zamu yako katika zahanati ya kibinafsi mjini, huenda uliketi mbele ya tangi la kioo lenye samaki wadogo, mikia yao kama vitambaa vya rangi. Aghalabu wale huwa ni gapi. Wengi huvutiwa nao, na wakipita duka la samaki wa mapambo hununua sita au saba pamoja na bakuli la kioo, wakawapelekea watoto nyumbani. Kabla ya juma kwisha samaki wote wanaelea, matumbo juu.

Mwenye nyumba husema ni njaa, akawalaumu watoto kwa kusahau kuwalisha. Mara nyingi kinachowaua ni maji.

Gapi asili yake ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini na kisiwa cha Trinidad. Jina hilo linatokana na Robert John Lechmere Guppy, mkazi wa Trinidad, ambaye mtaalamu Albert Günther alimuenzi mwaka 1866. Ni samaki mstahimilivu, lakini hawezi kustahimili klorini. Dawa hiyo hiyo inayotukinga sisi dhidi ya viini vilivyo katika maji ya mfereji humchoma yeye matamvua. Hivyo basi, acha maji katika ndoo pana kwa saa 24 kabla ya kuyatia katika tangi, au ununue dawa ya kuondoa klorini. Ndoo hiyo usiisahau pembeni juma zima, maana mbu huhitaji takriban siku saba hadi kumi tu kutoka yai hadi kuruka.

Jambo la pili halionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake mwenyewe. Kuna bakteria wema wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha katika tangi jipya, na makao yao hasa ni sponji ya kichujio. Ndiyo sababu unashauriwa kuanza na samaki wachache sana. Sponji usiioshe chini ya mfereji, kwani utawaua bakteria hao. Isuuze katika maji uliyoyatoa ndani ya tangi. Badilisha robo ya maji kila wiki, wala usiyamwage yote kwa pamoja kwa kudhani unafanya usafi.

Chakula kiwe kidogo, kile wanachoweza kukimaliza kwa dakika mbili. Kinachobaki huoza na kuongeza amonia. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 22 na 28. Mombasa hilo si taabu, lakini Nairobi mwezi wa Julai utahitaji kifaa cha kupasha maji moto.

Kuzaliana kwao hakuhitaji ujuzi. Kazi ni kuwazuia. Gapi hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, baada ya wiki nne hivi. Dume ni mdogo, mwenye rangi nyingi, na pezi lake la chini karibu na mkia limechongoka kama kijiti. Jike ni mkubwa na mnene, na akikaribia kuzaa doa jeusi huonekana wazi nyuma ya tumbo lake. Weka majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo jike mmoja atasumbuliwa hata adhoofike. Isitoshe, jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa. Usishangae basi ukinunua jike mmoja tu, ukamweka peke yake, na akazaa zaidi ya mara moja.

Wazazi hula watoto wao. Weka mimea mingi ambamo vifaranga watajificha, au uwahamishie katika chombo kingine na kuwapa chakula kilichosagwa kama unga. Baada ya miezi miwili au mitatu, nao huwa tayari kuzaa.

Tangi linapojaa, wapo wanaowapeleka mtoni au bwawani, wakijisifu kwamba samaki hao watakula viluwiluwi vya mbu na kupunguza malaria. Ni kweli gapi hula viluwiluwi. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2013, na kurudiwa mwaka 2017, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba samaki walao viluwiluwi hupunguza maambukizi ya malaria kwa watu. Samaki wa kigeni huweza kuwasonga wale wa kwetu. Wagawie majirani, au umrudishie mwenye duka.

Sasa tuje kwa mikono yako. Katika maji ya samaki huweza kuwemo kiini kiitwacho Mycobacterium marinum, jamaa ya kile kinacholeta kifua kikuu. Kiligunduliwa mwaka 1926 katika samaki wa Philadelphia huko Marekani. Huingia mwilini kupitia mchubuko, na wiki chache baadaye uvimbe mwekundu au wa zambarau hutokea kidoleni au mkononi, ukawa kidonda kisichopona. Wakati mwingine vivimbe vingine hufuatana kupanda mkono. Hakiambukizwi kutoka mtu hadi mtu, lakini ni hatari zaidi kwa mwenye kinga dhaifu.

Ukiwa na jeraha, vaa glavu au umwachie mwingine kazi hiyo. Usinyonye mpira kwa mdomo ili kutoa maji, wala usiyamwage katika sinki la jikoni. Chomoa plagi za stima kabla ya kutia mkono ndani. Osha mikono kwa sabuni kila ukimaliza, na watoto wafanye vivyo hivyo.

Ukiwa na kidonda cha namna hiyo, mweleze daktari kwamba unafuga samaki. Asipolijua hilo, huenda akakupa dawa za kawaida zisizosaidia. Tiba yenyewe ipo, ila humezwa kwa miezi, si kwa siku tano.