Makumbusho Yaanzie Nyumbani Kwetu



Mwezi huu tulipita nyumba kwa nyumba hapa Abuku na swali moja tu: siku ile ya kukimbia, ulibeba kitu gani? Wengi walicheka kwanza. Nani alikuwa na nafasi ya kuchagua? Lakini ukikaa kidogo, ukanywa chai, vitu vinaanza kutoka ndani: kibuyu, ungo, kitenge cha harusi, jiwe la kusagia lililobebwa kichwani mpaka mpakani.

Mama mmoja hakuwa na cha kutuonyesha. Alikuja na kigoda cha bibi yake, lakini mwaka wa kwanza kuni zilikuwa shida na watoto wakakipasua. Hakuwagombeza. Alisema watoto hawakujua ni kitu gani, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuwaambia.

Jambo hilo lilituuma, kwa sababu nyumba nyingi ziko hivyo hivyo.

Mtu akisikia makumbusho anafikiria jumba la Kampala. Ni kweli, Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908, na jengo lake la Kitante ni la 1954. Lakini je, mlijua ni nani waliohangaika nayo? Aliyechora ramani ya jengo, Ernst May, na msimamizi wake wa 1948 hadi 1957, Klaus Wachsmann, walikuwa Wajerumani ambao hawakuwa tena na nafasi kwao baada ya Hitler kushika utawala mwaka 1933. Wachsmann alizunguka Uganda akirekodi nyimbo na ngoma za wanavijiji. Mtu aliyepoteza kwao alisaidia wengine wasipoteze vya kwao.

Tena si lazima kuwe na jumba. Kenya, mwaka 1994, Sultan Somjee wa Makumbusho ya Taifa alianzisha makumbusho ya amani vijijini. Wenyeji walizunguka kwa wazee wao wakiuliza mababu walipatanishaje watu, na kwa vitu gani. Kwa Wapokot, kwa mfano, kuna leketyo, mkanda wa ngozi wenye simbi ambao mama huvaa akiwa na mimba. Wanaume wakipigana, mama akauvua na kuuweka chini katikati yao, hakuna anayethubutu kuuvuka. Sasa fikiria umeukuta mkanda ule ukutani, hakuna mtu wa kukueleza. Utaona ngozi na simbi, basi.

Ndiyo maana makumbusho inahitaji watu wa kujitolea. Nairobi kuna chama cha namna hiyo, Kenya Museum Society, tangu 1971. Wanachama wake hujitolea kuisaidia makumbusho: wanatembeza wageni na kuwaeleza vitu, wanatafuta pesa, wanapanga maonyesho ya kuuza picha za wasanii.

Na sisi tunaweza kuanza kidogo. Tunaomba hivi:

Wazee na kina mama, toeni vitu vyenu tuvione. Hatutachukua kitu cha mtu. Mwenyewe atakuja nacho na kurudi nacho.

Vijana mnaojua kuandika, njooni na daftari. Andikeni jina la kitu kwa lugha ya mwenyewe, kilitoka kijiji gani, nani alikitengeneza, kinatumikaje. Mwenye simu arekodi sauti ya mzee akieleza.

Watoto watachora kila kitu watakachoonyeshwa. Anayechora kibuyu akiuliza kazi yake hatakisahau.

Majirani wenyeji pia tunawaita. Wengi wao walikuwa wakimbizi Kongo na Sudan baada ya vita vya 1979. Wana habari zao, na wanajua njia ile ile tuliyopita.

Posho haipo, tuseme wazi mapema. Tutakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao saa nne asubuhi chini ya mwembe, na kila mtu aje na mkeka wake.

Na yule mama wa kigoda? Amekubali kuja. Atakaa na kijana mmoja anayechonga miiko, amweleze miguu ilikuwa mingapi, kiti kilikuwa na upana gani, mapambo yalipita wapi. Kijana atajaribu kukichonga. Safari hii watoto wake watakuwa wamekaa hapo, wanasikiliza.