Uamuzi Mgumu Usikukeshe

Ukisikia watu wakisema "fulani ana mawazo", huelewi kwamba mtu huyo anafikiri sana na karibu atapata jibu. Unaelewa kwamba hali wala halali. Kuwaza na kufikiri ni vitu viwili.

Mathalan, mama wa Likoni ameambiwa na daktari kuwa ana uvimbe kwenye kizazi na afadhali afanyiwe upasuaji. Asubuhi akiwa kwenye feri ameshakubali. Jioni akirudi amekataa, kwa kuwa jirani amemsimulia yaliyompata binamu yake. Usiku anaanza upya: Je, nikifa? Je, nisipozaa tena? Biashara ya viazi karai nimwachie nani? Miezi sita inapita hivyo. Damu inazidi kumtoka kila mwezi, na kizunguzungu anachodhani kinaletwa na mawazo huenda ni upungufu wa damu.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliyefariki mwaka wa 2013, aliichunguza tabia hii kwa miaka mingi. Alionyesha kuwa mwenye huzuni anayerudiarudia mawazo yale yale huzidi kuhuzunika, na uwezo wake wa kutatua tatizo hupungua.

Basi ufanyeje? Chukua kalamu, uandike kila swali linalokukesha. Kisha tenga maswali ambayo kuna mtu awezaye kuyajibu. Je, uvimbe huu ni saratani? (Aghalabu si saratani.) Je, ni lazima kizazi kitolewe, au uvimbe peke yake waweza kuondolewa? Kuna dawa? Na swali ambalo wengi husahau kuliuliza: nikingoja, nitadhurika vipi? Uvimbe huu kwa kawaida hunywea hedhi ikishakoma, kwa hiyo mwenye miaka 50 asiye na maumivu aweza kushauriwa angoje. Mwenye miaka 35 anayevuja damu kupindukia ana hesabu nyingine. Hayo mpelekee daktari, si jirani. Ukiuliza ploti nzima, utapata majibu ya ploti nzima.

Maswali yaliyobaki, yasiyo na wa kuyajibu, yapangie saa yake. Mwaka wa 1983 Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani waliwapa watu wenye wasiwasi nusu saa kila siku, mahali pamoja na wakati mmoja, wawaze watakavyo. Wazo likija nje ya saa hiyo, liahirishwe. Wasiwasi wao ulipungua. Chagua saa ya alasiri, na isiwe kitandani. Andika pia tarehe ya kutoa uamuzi, umwambie mtu mmoja unayemwamini.

Hata hivyo, ikiwa majuma mawili yamepita hulali, chakula hakishuki, au umeanza kuona heri ufe, usingoje tarehe yoyote. Nenda hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Port Reitz, huko Changamwe, ina huduma ya afya ya akili. Nenda na ile karatasi yako.