Usafi wa ndani ya gari la safari

Gari la familia, hasa lile la kulala humo humo safarini, ni chumba kidogo chenye jiko, choo na malazi. Mtoto akikojoa kitini, wengi hufuta juu juu na kupuliza manukato. Harufu imefichwa tu. Najisi imezama kwenye sponji, na mswala umewekwa hapo hapo!

Safisha kwa maji ya sabuni kidogo kidogo, suuza, kisha kamua kwa kitambaa kikavu. Usiloweshe kiti chapachapa, kwani sponji likibaki na unyevu huota ukungu, na mwenye pumu ndiye anayeumia. Magodoro na mazulia yaanike juani.

La kutisha ni hili: wapo wanaochanganya jiki na siki au dawa ya choo eti iwe kali zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ndani ya gari lililofungwa huunguza macho na mapafu. Tumia dawa moja tu, milango ikiwa wazi na watoto wakiwa mbali.

Jokofu likizimwa, liachwe wazi. Tangi la maji nalo limwagwe kabla gari halijaegeshwa kwa muda mrefu.