Mwanzo wa Ngoma ni Lele: Jinsi Mashindano Mapya Yanavyolelewa

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Watu hukutana wachache, mmoja akapiga kofi, mwingine akaitikia, na wapita njia wakatikisa vichwa kwa dharau. Lakini wale wachache wasipochoka, usiku wa manane uwanja hujaa, na yule aliyedharau jioni huwa ndiye wa mwisho kwenda kulala.

Msemo huo unaufaa sana mchezo uitwao triathloni. Katika mchezo huu mtu huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, na akishuka katika baiskeli hukimbia kwa miguu. Yote hayo hufanywa kwa mfululizo pasipo mapumziko, na saa huhesabu tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Hata muda wa kuvaa viatu huhesabiwa. Leo mchezo huu ni sehemu ya Michezo ya Olimpiki, nao umekwisha kubisha hodi katika eneo la Maziwa Makuu. Mwezi Agosti 2022 mashindano ya masafa marefu ya mchezo huo yalifanyika Rubavu, nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu. Washindani walitakiwa kuogelea kilometa 1.9, kuendesha baiskeli kilometa 90, na kukimbia kilometa 21.1.

Ni jambo la kawaida kuona mashindano mapya yakifunguliwa kwa ngoma na hotuba, kisha mwaka wa pili yasisikike tena. Kwa hiyo inafaa kueleza jinsi mashindano makongwe ya mchezo huu yalivyopita katika miaka yake ya shida. Maelezo hayo yanawahusu askari kwa namna ya pekee, kwa sababu aliyeyaanzisha alikuwa askari.

Mchezo wenyewe ulianza San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Chama cha wanariadha cha mji huo kiliandaa mashindano madogo ya jioni, kandokando ya ghuba iitwayo Mission Bay. Miongoni mwa walioshiriki walikuwamo ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani, John Collins, na mkewe Judy. Baadaye Collins alihamishiwa visiwa vya Hawaii. Huko, mwaka 1977, katika sherehe ya kutoa zawadi baada ya mbio za kupokezana, palizuka ubishi ambao kila askari aliyewahi kukaa kambini anaufahamu: ni nani mwenye mwili imara zaidi, mkimbiaji au mwogeleaji? Collins akaongeza wa tatu, yaani mwendesha baiskeli. Kisha akatoa shauri la kuumaliza ubishi kwa vitendo.

Katika kisiwa cha Oahu palikuwa na mashindano matatu yaliyokwisha kujulikana: kuogelea baharini kilometa 3.8, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli, na mbio za marathoni za Honolulu. Collins alishauri yote matatu yafanywe kwa siku moja. Njia ya baiskeli ilipunguzwa kidogo ili iishie pale marathoni ilipoanzia, ikawa kilometa 180. Atakayetangulia kumaliza, alisema, ataitwa Mtu wa Chuma, yaani Ironman kwa lugha yao.

Tarehe 18 Februari 1978 walijitokeza washindani 15 tu. Hapakuwa na mdhamini, hapakuwa na vituo vya maji barabarani, wala hapakuwa na zawadi ya fedha. Kila mshindani aliagizwa kuja na wasaidizi wake mwenyewe wa kumpa maji na chakula njiani. Kati ya hao 15, waliomaliza walikuwa 12. Mshindi alikuwa Gordon Haller, aliyewahi kutumikia Jeshi la Majini, kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Aliyemfuata, John Dunbar, alikuwa amepata mafunzo ya kikosi maalumu cha jeshi hilohilo. Dunbar aliongoza hadi sehemu ya mwisho ya marathoni, lakini wasaidizi wake waliishiwa maji wakampa bia, na Haller akampita. Collins mwenyewe hakukaa mezani kuhesabu wengine. Aliingia majini pamoja nao, akafika mwisho baada ya saa 17 hivi.

Katika habari hiyo fupi mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kiongozi aliyetoa amri aliitii yeye mwenyewe. Watu wachache hukubali kuteseka kwa ajili ya shauri la mtu aliyekaa kivulini. La pili ni habari ya maji. Dunbar alikuwa na nguvu za kutosha, lakini ugavi ulimwangusha. Kila ofisa aliyesoma mambo ya vita anajua kwamba kikosi hodari kisicho na maji na posho ni kikosi kilichokwisha kushindwa, na mashindano mapya nayo yamo chini ya sheria hiyo.

Mwaka wa pili ndio uliokuwa wa hatari. Mnamo Januari 1979 watu wapatao 50 walikuwa tayari kushiriki, lakini siku ya mashindano bahari ilichafuka na upepo ukavuma kwa nguvu. Waandaaji waliahirisha mashindano kwa siku moja, na wengi wakakata tamaa. Siku ya pili walioingia majini walikuwa 15 tena, idadi ileile ya mwaka uliotangulia. Mtu anayetazama idadi peke yake angesema mchezo umekwama. Kumbe siku hiyo Tom Warren alishinda kwa saa 11, dakika 15 na sekunde 56, na Lyn Lemaire, mwanamke wa kwanza kushiriki, alimaliza wa tano kati ya wote. Zaidi ya hayo, mwandishi mmoja wa gazeti la michezo la Sports Illustrated, aliyekuwa Hawaii kwa shughuli nyingine, alivutwa na kisa hicho akaandika makala ndefu. Makala ilipochapishwa mwezi Mei mwaka huo, watu wa mbali walianza kuuliza njia ya kwenda Hawaii. Mwaka 1980 televisheni ilifika, na walioanza walikuwa zaidi ya 100.

Hapo ikazuka shida ya aina nyingine, nayo ni shida ya kukua. Collins, kama askari yeyote, alikuwa chini ya amri ya uhamisho, naye hangeweza kuyabeba mashindano mkobani kila apelekwapo. Yeye na mkewe waliyakabidhi kwa wenye klabu ya mazoezi mjini Honolulu, na uongozi ukamwangukia mama mmoja, Valerie Silk. Mama huyo hakuwa mwanamichezo. Lakini aliona jambo ambalo wanamichezo, kwa shauku yao, hawakulitilia maanani: barabara za Honolulu zilikuwa na magari mengi mno. Watu mamia kuendesha baiskeli kati ya magari hayo lilikuwa jambo la kuomba msiba. Basi mwaka 1981 aliyahamisha mashindano yote hadi Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, penye joto kali, upepo, na barabara ndefu inayopita katikati ya miamba myeusi ya volkano. Wenyeji wa huko walijitolea kwa wingi kugawa maji, kuongoza njia na kuwahudumia walioishiwa nguvu. Pasipo hao, washindani wangebaki kila mtu na wasaidizi wake, na mashindano yasingeweza kupanuka.

Mwezi Februari 1982 ulimwengu uliona kwa macho maana ya mchezo huo. Mwanafunzi mmoja, Julie Moss, alikuwa akiongoza upande wa wanawake. Zikiwa zimebaki hatua chache tu, miguu ilimgoma. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney alimpita akashinda. Moss hakukubali kubebwa. Alitambaa kwa mikono na magoti mpaka akavuka mstari, sekunde 29 nyuma ya mshindi. Picha hiyo ilionyeshwa katika televisheni, na watu wengi wasiowahi kufikiria mchezo huu wakaamua kuujaribu.

Hata hivyo, umbali mrefu namna ile hauwezi kuwa mchezo wa kila mtu wala wa kila mwezi. Mwaka huohuo wa 1982, Jim Curl na Carl Thomas walianzisha mfululizo wa mashindano mafupi katika miji ya pwani ya magharibi ya Marekani. Shauri lao lilikuwa jepesi: badala ya mtu kwenda mbali mara moja kwa mwaka, mashindano yamfuate mtu mjini kwake, tena kwa masafa anayoweza kuyamaliza asubuhi na kurudi kazini kesho yake. Masafa hayo yalibadilishwa mara kadhaa hadi yakatulia kwenye kilometa 1.5 za kuogelea, kilometa 40 za baiskeli na kilometa 10 za kukimbia. Kila moja lilikwisha kufahamika katika mchezo wake. Mkimbiaji alijua kilometa 10 ni nini, na mwendesha baiskeli alijua kilometa 40 ni nini, hivyo hakuna aliyejiona mgeni kabisa.

Mfululizo huo haukudumu hadi leo, lakini masafa yake yamedumu. Chama cha kimataifa cha mchezo huo kilipoundwa mwaka 1989 mjini Avignon, Ufaransa, masafa hayo ndiyo yaliyotumika katika mashindano ya kwanza ya dunia. Ndiyo pia yaliyoingia katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, ambako Simon Whitfield wa Kanada na Brigitte McMahon wa Uswisi walipata medali za dhahabu. Kwa hiyo si haki kusema kwamba mashindano yaliyokufa hayakuzaa kitu.

Jambo la fedha nalo halifai kufichwa. Kwa miaka mingi huko Kona hapakutolewa zawadi ya fedha, na mwaka 1985 baadhi ya wanamichezo mashuhuri walisusa. Malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwa kuwa mtu anayefanya mazoezi mwaka mzima naye hula. Mwaka 1986 mfadhili ambaye hakutaka kutajwa jina alitoa dola 100,000, na zawadi zikaanza kutolewa. Hata hivyo, utaratibu ulitangulia na fedha zikafuata. Kama fedha zingekuja katika mashindano yasiyo na njia salama wala wasaidizi, zingeliwa siku moja na kusahauliwa.

Sasa, haya yanawahusu vipi wanajeshi na polisi? Kwanza, yanawahusu kama walinzi. Mchezo huu hutumia maji na barabara, na mahali pote pawili ndipo watu hufia. Imethibitishwa kwamba wengi wa waliokufa katika mashindano ya triathloni walifia katika sehemu ya kuogelea. Kwa hiyo mitumbwi ya waokoaji si pambo. Ni lazima iwepo, iwe na watu wanaojua kuogelea, na washindani wahesabiwe wanapoingia majini na wanapotoka. Katika maziwa yetu inapasa pia kupima hatari ya mamba, viboko na kichocho kabla ya kuchagua mahali. Barabarani, polisi mmoja mwenye filimbi kwenye njia panda ana thamani kuliko mabango kumi. Na bahari au ziwa likichafuka, mwenye mamlaka awe na moyo wa kuahirisha, kama ilivyofanyika mwaka 1979, hata kama wageni wa heshima wamekwisha kuketi.

Pili, yanawahusu kama washindani. Majeshi ya dunia yana baraza lao la michezo, lililoundwa mwaka 1948, na triathloni ilikuwamo katika michezo yao ya dunia ya Rio de Janeiro mwaka 2011 na Wuhan mwaka 2019. Katika Afrika Mashariki si jambo geni kwa mwanamichezo kutoka kambini. John Akii-Bua, aliyepata medali ya dhahabu ya mbio za kuruka viunzi mita 400 mjini Munich mwaka 1972, alikuwa polisi wa Uganda. Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mjini Tokyo na wa mita 10,000 mjini Paris, naye ni wa jeshi hilohilo la polisi. Miguu tunayo. Kinachohitajika ni baiskeli nzuri, ambayo ni ghali, na kuogelea, ambako vijana wengi hawakufundishwa ingawa wamezaliwa kando ya maziwa. Askari anayejifunza kuogelea kwa ajili ya mchezo atakuwa pia askari anayeweza kumwokoa raia siku mashua itakapopinduka, na faida hiyo peke yake inatosha.

Mashindano mapya, basi, yasipimwe kwa idadi ya watu wa mwaka wa kwanza wala wa pili. Yapimwe kwa maswali machache: Je, kila aliyeingia majini alitoka? Je, maji yaliwafikia wa mwisho kama yalivyowafikia wa kwanza? Je, matokeo yalitangazwa kwa haki na kwa wakati? Je, yupo atakayeyashika mwanzilishi akipewa uhamisho? Majibu yakiwa mema, hata washindani 15 ni wengi. Walikuwa 15 mwaka 1978, wakawa 15 mwaka 1979, na leo mchezo wao unachezwa hadi kando ya Ziwa Kivu.